Mwongozo wa Kutumia Mitishamba Ukiwa Kwenye Dawa za Moyo na za Kuzuia Damu Kuganda

Maswali ya wagonjwa wapya wa kliniki za moyo hayabadiliki sana. Je, tangawizi inaruhusiwa? Je, kitunguu saumu kinaweza kuchukua nafasi ya warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda? Mlonge, habasoda na mdalasini vinapatana na vidonge? Na kwa nini kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani; kikipanda, inachelewa zaidi) kimepanda ilhali dawa zote zimemezwa kwa wakati? Mwongozo huu unayajibu kwa hatua, ili wewe unayetumia vidonge, au unayemuuguza mzazi anayevitumia, ujue cha kufanya kabla ya kuweka mmea wowote kinywani na cha kufanya baada ya hapo.

Unawahusu hasa wanaotumia warfarini, rivaroksabani, apiksabani, aspirini au klopidogreli, pamoja na wanaotumia digoksini, ambayo ni dawa ya moyo, na dawa za presha. Majina hayo yameandikwa hapa kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye pakiti utayakuta kwa Kiingereza, kwa kawaida bila irabu ya mwisho.

Msimamo wangu ni huu: mtu anayetumia dawa hizi si lazima ayakimbie majani na viungo vyote, lakini hapaswi kabisa kubadilisha kiasi anachotumia pasipo kliniki kujua. Wengi wanaopata matatizo walikuwa wakitumia kitu cha kawaida tu, kisha siku moja wakakiongeza mara tano, au wakakiacha ghafla, na hakuna aliyeambiwa.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Vidonge vyako vyote vikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na vile vya maumivu ulivyonunua mwenyewe dukani.
- Kadi au daftari la kliniki lenye majibu yako ya karibuni ya INR, kama unatumia warfarini.
- Mitishamba yote iliyomo ndani ya nyumba: unga, mizizi, mafuta, vidonge vya majani, na ile chupa ya maji iliyojazwa dawa ya rangi ya kahawia ambayo haina maandishi yoyote.
- Kijiko kimoja cha chai na kikombe kimoja ambavyo utapimia kila siku bila kuvibadilisha.
- Daftari dogo na kalamu.
- Namba ya simu ya kliniki yako au ya mfamasia anayekujua.
- Mashine ya kupimia presha, kama ipo.

Maelezo machache ya lazima

Damu huganda kwa kazi mbili zinazosaidiana. Kwanza, chembe sahani hukimbilia penye jeraha na kushikamana. Pili, protini za kugandisha, ambazo nyingi hutengenezwa na ini, husuka nyuzi zinazolikaza bonge hilo. Aspirini na klopidogreli huzuia chembe sahani. Warfarini hulizuia ini lisiitumie vitamini K kutengeneza protini nne kati ya hizo, na rivaroksabani na apiksabani huizima moja kwa moja protini mojawapo. Kwa hiyo mmea unaogusa chembe sahani unaweza kukuvujisha damu hata kama INR yako inasomeka vizuri, kwa kuwa INR haipimi chembe sahani. Jambo hili wengi hawaambiwi.

Mtu asiyetumia dawa huwa na INR ya karibu 1. Wengi wanaotumia warfarini kwa sababu ya bonge la damu mguuni au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hulengwa kuwa kati ya 2 na 3. Aliyewekewa valvu ya chuma, yaani mlango bandia wa moyo, upande wa mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) kwa kawaida hulengwa juu zaidi, kati ya 2.5 na 3.5. Katika Afrika Mashariki kundi hili lina vijana wengi, kwa kuwa ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi huanza utotoni na kuharibu valvu mapema.

Anayesema kwamba mmea hauwezi kudhuru kwa kuwa ni wa asili na akumbuke chimbuko la warfarini yenyewe. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu ya malisho yaliyoota ukungu. Kemikali iliyowaua ilitambuliwa katika maabara ya Karl Paul Link huko Wisconsin, na kemikali nyingine ya jamii hiyo, ndiyo warfarini, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya, kisha ikaruhusiwa kutibu binadamu mwaka 1954.

Hatua ya 1: Itambue dawa yako kwa jina, kwa nguvu na kwa kazi

Chukua kila pakiti na uandike jina la dawa, miligramu zake, na sababu ya kuandikiwa. "Dawa ya kuyeyusha damu" si jina. Mtu anayetumia aspirini ya miligramu 75 na mtu anayetumia warfarini wote huambiwa wanatumia dawa ya kuyeyusha damu, lakini tahadhari zao za chakula ni tofauti kabisa: vitamini K haina uzito kwa wa kwanza, na kwa wa pili ndiyo kiini cha mambo yote.

Onyo: usitegemee rangi ya kidonge. Nchini Uingereza kidonge cha warfarini cha rangi ya waridi ni cha miligramu 5, ilhali Marekani rangi hiyo hiyo ni ya miligramu 1. Kama ndugu yako wa ughaibuni amekuletea dawa, soma namba iliyoandikwa, kisha mwonyeshe mfamasia kabla ya kumeza. Vilevile, mwenye valvu ya chuma asikubali kuhamia rivaroksabani au apiksabani kwa ushauri wa rafiki, kwa sababu dawa za kundi hilo hazitumiki kulinda valvu za chuma.

Hatua ya 2: Andika kila mmea unaoingia mwilini, pamoja na kipimo chake

Anza na asubuhi na uishie usiku. Usiandike "tangawizi", andika "kijiko kimoja cha chai cha unga wa tangawizi ndani ya kikombe kimoja cha maji, asubuhi na jioni, tangu mwezi uliopita". Kama unasaga mchanganyiko wa saumu, tangawizi, limau na asali, hesabu punje za saumu kabla ya kuziingiza kwenye mashine na ugawanye kwa idadi ya siku unazotumia chupa hiyo. Andika pia vitu ambavyo huvihesabu kuwa dawa: chai ya mdalasini, juisi ya rozela, madafu, miraa, mafuta ya habasoda unayolamba kijiko, na jani la mshubiri unalokamua wakati tumbo limefunga.

Kosa la kawaida hapa ni kuacha vile unavyoona aibu kuvitaja, kama dawa za nguvu za kiume au za kupunguza mwili. Hivyo ndivyo vya kuandikwa kwanza, maana mara nyingi ndani yake huchanganywa dawa za viwandani ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko.

Hatua ya 3: Igawe orodha yako katika mafungu manne

Fungu la kwanza ni mimea inayoweza kuongeza kuvuja damu. Kitunguu saumu ndicho kinara, kwa kuwa kina viambata vinavyozuia chembe sahani kushikamana. Tangawizi na manjano vimo pia, ingawa ushahidi wa tangawizi ni wa kuyumba na unahusu zaidi viwango vikubwa kuliko kikombe cha chai. Vidonge vya manjano vimewahi kuhusishwa na INR kupanda kwa watu wanaotumia warfarini. Karafuu ina mafuta ya eujenoli, ambayo nayo hugusa chembe sahani. Punje tatu ndani ya pilau hazina neno, bali mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa si ya kunywa. Habasoda iweke humu kwa tahadhari, hasa mafuta yake. Kwa wanaoishi Ulaya na Marekani, vidonge vya ginko vinaingia fungu hili pia.

Mdalasini unahitaji neno la peke yake. Ule mwembamba unaopasuka kirahisi, unaolimwa Zanzibar, una kumarini, kemikali ya asili ya mmea, kidogo sana. Gome nene na gumu la aina ya kasia, linaloingizwa kutoka Asia na kuuzwa kwa jina hilo hilo, lina kumarini nyingi, ambayo ikitumiwa kwa vijiko kila siku inaweza kuliumiza ini. Kumarini hiyo yenyewe haifanyi kazi ya warfarini, kinyume na inavyosemwa mitandaoni. Tatizo ni kwamba ini lililoumia hushindwa kutengeneza protini za kugandisha na kushindwa kuisafisha dawa.

Fungu la pili ni mimea inayopunguza nguvu ya dawa na kukurudisha kwenye hatari ya damu kuganda. Kwa wanaotumia warfarini, humu mna mboga zote za majani ya kijani kibichi: mchicha, sukuma wiki, kisamvu, matembele, majani ya maboga, na mlonge, uwe mbichi au unga. Chai ya kijani ya kikombe kimoja si tatizo, lakini kunywa lita nzima kila siku au kula unga wa majani yake ni jambo jingine. Jinseng nayo imeonekana kushusha INR. Mmea wa Ulaya uitwao kitaalamu Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni na kukosa usingizi, ndio mbaya kuliko yote katika fungu hili: hulifanya ini liivunje dawa haraka, na huharibu kazi ya warfarini, rivaroksabani, apiksabani na digoksini kwa pamoja. Huo usitumiwe kabisa na wagonjwa wa dawa hizo.

Fungu la tatu linagusa moyo, presha na madini ya potasiamu. Rozela hushusha presha kiasi, kwa hiyo ukiichanganya na vidonge vya presha unaweza kupata kizunguzungu unaposimama. Miraa hupandisha presha na kuyaongeza mapigo ya moyo. Mzizi wa susu, ambao wengine hutafuna kwa ajili ya koo au kuweka kwenye chai, hupandisha presha na kupunguza potasiamu. Sanamaki na utomvu wa njano wa mshubiri, vikitumiwa mara kwa mara kwa kuharisha, hupunguza potasiamu pia. Kwa anayetumia digoksini, na hasa akiwa anatumia na dawa ya kukojosha kama furosemidi, potasiamu ikishuka digoksini hugeuka sumu hata kama dozi haijabadilika. Upande wa pili, madafu yana potasiamu nyingi, takriban miligramu 400 hadi 600 kwa kikombe. Anayetumia spironolaktoni (dawa ya kukojosha inayobakiza potasiamu mwilini), au mwenye figo zilizochoka, akinywa madafu matatu kwa siku ili "kushusha presha" anaweza kuipandisha potasiamu hadi mapigo ya moyo yavurugike. Balungi halina potasiamu ya kutisha, lakini huzuia utumbo na ini kuvunja simvastatini na atorvastatini, ambazo ni dawa za kolesteroli, na nifedipini, ambayo ni ya presha, nazo zikaongezeka mwilini.

Humu pia mna mimea ambayo haipaswi kuguswa kabisa. Maua ya mapambo ya oleanda, yanayopandwa kandokando ya barabara na kwenye nyua za mahoteli ya pwani, pamoja na ile oleanda ya maua ya njano, yana sumu zinazofanana na digoksini. Miti ya jamii ya Acokanthera, ambayo wawindaji wa Kikamba na wa pwani ya Kenya waliichemsha kupata sumu ya mishale, huua kwa kuusimamisha moyo. Mtu akikuambia kwamba kipande kidogo cha mizizi yake huupa moyo nguvu, ondoka mbele yake.

Fungu la nne ni vile usivyovijua. Weka humu kila mchanganyiko usio na orodha ya viungo, hata kama umetengenezwa na mtu unayemheshimu. Visivyojulikana haviingii mwilini mwa mtu anayetumia warfarini. Katika hili sioni nafasi ya kujadiliana.

Hatua ya 4: Tenganisha kiungo cha jikoni na dozi ya dawa

Kwa kila kilichomo kwenye fungu la kwanza, jiulize kama kiasi chake ni cha sufuria ya familia au ni cha mtu mmoja kujitibu. Punje mbili za saumu kwenye mchuzi wa watu sita ni chakula. Punje sita mbichi zilizopondwa na kumezwa na mtu mmoja kabla ya kula ni dawa, nazo zinahesabika kama dawa.

Manjano yanaonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi. Kiambata chake kikuu, kurkumini, ni takriban asilimia 3 tu ya unga. Kijiko cha chai chenye gramu 3 hukupa kama miligramu 90, na kikiwa ndani ya mchuzi wa familia, sehemu yako ni ndogo zaidi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinazidi vijiko vitano vya chai, na vingi vya vidonge hivyo huongezwa kiini cha pilipili manga ili utumbo ukifyonze zaidi. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba bibi yake alikula manjano maisha yake yote bila kudhurika anasema kweli, ila bibi hakumeza vidonge viwili vya aina hiyo kila asubuhi akiwa na valvu ya chuma.

Kanuni ni hii: vya jikoni endelea navyo kwa kiasi kile kile ulichozoea; vya kujitibu visubiri hatua ya 6. Lakini kama tayari unatumia dozi ya kujitibu kila siku, usiikate ghafla bila kusema, kwa sababu huenda dozi yako ya warfarini ilipangwa mwili ukiwa tayari na mmea huo. Piga simu kliniki, wakupangie siku ya kuacha na siku ya kupima.

Hatua ya 5: Weka mboga za majani katika kiasi kisichobadilika

Hatua hii ni ya wanaotumia warfarini tu. Wengi hutoka kliniki wakiwa wameelewa kwamba mboga za majani zimekatazwa, wakaishi kwa wali na maharage. Hilo ni kosa. Anayekula vitamini K kidogo mno huyumba zaidi, kwa sababu siku atakayokula sahani moja ya kisamvu, INR yake itatikisika.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 90 hadi 120 za vitamini K kwa siku, na nusu kikombe cha sukuma wiki iliyopikwa hubeba mara kadhaa ya kiasi hicho. Kabichi ina kidogo kuliko sukuma wiki. Nyanya, karoti, vitunguu maji, ugali na wali vina kidogo sana. Chagua kiasi unachoweza kukitimiza mwaka mzima, kwa mfano nusu kikombe cha mboga iliyopikwa mara nne kwa wiki, ukishikilie, kisha uache kliniki ipange dozi ya warfarini kulingana na sahani yako.

Angalia nyakati zinazovuruga mpango huu. Mwezi wa Ramadhani mboga hupungua na viungo huongezeka. Ukienda kijijini wakati wa mvua, mchicha na majani ya maboga ni ya kila mlo, tena bure. Ukiugua ukashindwa kula siku tatu, vitamini K hushuka na INR hupanda. Katika kila hali ya namna hiyo, omba kupimwa mapema kuliko tarehe uliyopewa. Na kama mboga zinapikwa kwa magadi, kumbuka kwamba magadi ni sodiamu sawa na chumvi. Mwenye presha au moyo uliotanuka ayaache.

Hatua ya 6: Peleka orodha kliniki, wala usiombe ruhusa kwa jumla

Ukimuuliza daktari, "Naweza kutumia mitishamba?" atakujibu hapana, na huwezi kumlaumu, kwa kuwa hukumwambia unazungumzia nini. Mwonyeshe daftari na useme: "Daktari, natumia warfarini miligramu 5. Ningependa kuendelea na kikombe kimoja cha chai ya tangawizi kila asubuhi, kijiko hiki kimoja. Naomba uandike kwenye kadi yangu kama naruhusiwa na lini nipimwe INR." Swali la namna hiyo lina jibu. Foleni ikiwa ndefu, mfamasia wa hospitali naye ana ujuzi wa jambo hili, na mara nyingi ana muda zaidi.

Kwa upande wa tabibu wa tiba asili, nenda kwa aliyesajiliwa. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ambalo husajili watoa huduma. Mwambie kwa heshima unatumia vidonge gani, mwombe majina ya mimea yote iliyomo, na umweleze kwamba huwezi kuacha vya hospitali. Tabibu mzuri hatachukia. Anayekutaka uache vidonge ili dawa yake "ifanye kazi vizuri" hajui valvu ya chuma ni nini. Mwaka 2011, wakati wa msafara wa watu waliokwenda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba huko Loliondo, Tanzania, kulikuwa na wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Mwenye valvu ya chuma akifanya hivyo, bonge la damu linaweza kuziba valvu au kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Hatua ya 7: Anza na mmea mmoja, kisha pima

1. Hakikisha INR yako ya karibuni imo ndani ya lengo. Kama haimo, ahirisha.
2. Anza mmea mmoja tu, kwa kipimo kilichoruhusiwa, na uandike tarehe.
3. Usiongeze kingine chochote katika kipindi hicho, iwe mmea, kidonge cha vitamini au dawa ya maumivu.
4. Pima INR baada ya siku 5 hadi 7. Kupima kesho yake hakusaidii, maana badiliko huchukua siku mbili tatu au zaidi kuonekana.
5. Pima tena baada ya wiki mbili, hata kama jibu la kwanza lilikuwa zuri.
6. Ukibadilisha chapa, shamba au aina, kutoka mbichi kwenda unga au kutoka unga kwenda vidonge, uhesabu kuwa ni mmea mpya na urudie hatua hii tangu mwanzo.

Anayetumia rivaroksabani, apiksabani, aspirini au klopidogreli hana INR ya kumwongoza, hivyo lazima ajichunguze mwili: fizi wakati wa kupiga mswaki, michubuko mapajani na mikononi, rangi ya mkojo na ya choo. Anayetumia dawa za presha apime presha asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza.

Hatua ya 8: Toa taarifa kabla ya chuma kugusa mwili

Kabla ya upasuaji, kung'oa jino, kutahiriwa au kudungwa sindano ya mgongo, mtaje daktari mimea yote ya fungu la kwanza. Dozi za kujitibu za saumu, ginko na vidonge vya manjano kwa kawaida husimamishwa wiki moja au mbili kabla. Vidonge vya hospitali husimamishwa na daktari tu, kwa tarehe atakayotaja.

Kuumikwa kwa kuchanjwa, yaani hijama ya damu, na chale za mganga ni kukatwa mwili kama upasuaji mwingine. Nimeona watu wanaokumbuka kumwambia daktari wa meno lakini hawaoni haja ya kumwambia mpiga hijama. Ukiwa kwenye warfarini usichanjwe chale wala hijama. Hata kuchuliwa kwa nguvu kunaweza kuacha damu imevilia ndani ya msuli.

Mwanamke anayetumia warfarini ambaye hedhi yake imechelewa aende kliniki siku hiyo hiyo. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni hasa katika miezi ya kwanza, nayo valvu inahitaji kulindwa bila kukatizwa, kwa hiyo mpango wa dawa hubadilishwa na wataalamu. Dawa za kienyeji za "kurudisha siku" zina hatari maradufu kwake.

Matatizo yanayojitokeza na jinsi ya kuyashughulikia

*INR imepanda na mimea sijabadilisha.* Angalia kwanza dawa za dukani. Metronidazoli, Septrin na flukonazoli huipandisha INR ya mtu wa warfarini kwa kiasi kikubwa, na hununuliwa bila kufikiri kila tumbo linapouma au mwili kuwasha. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu hata INR ikiwa sawa. Kisha uliza: niliharisha, nilikosa hamu ya kula, nilikunywa pombe? INR ikizidi 5, wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo hata kama hujisikii vibaya.

*INR imeshuka.* Hesabu vidonge vilivyobaki, ili ujue kama kuna siku ulisahau. Kama uliongeza mlonge au mboga, rudi kwenye kiasi chako cha zamani na uwaarifu. Kama umeanzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, hiyo peke yake inatosha kuishusha, na dozi itahitaji kupangwa upya. Usijiongezee kidonge.

*Nimesahau kumeza warfarini.* Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya siku hiyo tu, andika tarehe, wala usimeze mara mbili.

*Fizi zinatoka damu kidogo.* Simamisha mmea mpya ulioanza, usisimamishe vidonge, na upimwe kesho yake.

*Damu ya pua haikatiki.* Keti, inama mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Ikiendelea baada ya hapo, nenda hospitali.

*Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, kuumwa kichwa ghafla na kwa nguvu, au umeanguka ukagonga kichwa.* Hospitali mara moja, hata kama ni usiku na hata kama unajisikia vizuri baada ya kuanguka. Beba pakiti na daftari.

*Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki, au mguu mmoja umevimba na kuuma.* Hizi ni dalili za kiharusi au za bonge la damu. Nenda hospitali bila kuchua, bila kuumika na bila kunywa chochote njiani.

*Natumia digoksini, nina kichefuchefu, mapigo yamepungua na naona vitu kwa rangi ya njano.* Usimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa na daktari leo hii, na utaje sanamaki, mshubiri au susu kama ulitumia.

*Mtoa dawa amekataa kutaja viungo.* Mrudishie chupa. Kama ulikwisha kunywa, usiimwage. Peleka kilichobaki kliniki na uombe kupimwa INR, figo na ini.